Kahawa ya Mkono wa Kushoto

Faridah wa Pangani si mtu wa kunyamazia kosa. Hospitalini Saint Paul, anakofanya kazi ya uuguzi, wanamjua: akisema hapana, ni hapana. Ndiyo maana Jumamosi ile ilimuuma kusimama mbele ya picha kwenye makumbusho akibishana na moyo wake mwenyewe.

Picha ilipigwa mwaka 1893 na Mzungu aliyezunguka pwani na kamera ya zamani, ile inayonasa picha kwenye kioo, akipiga picha majumba. Chini pameandikwa: "Nyumba. Mji haujulikani." Faridah aliuona mlango wa nakshi, akashika kifua. Nyumba ya babu! Ilianguka yeye angali mdogo, na ukoo mzima haukubaki na picha hata moja. Mama yake, ambaye macho yake yanafifia, alikuwa na ombi moja tu: aione tena nyumba hiyo kabla hajapofuka.

"Lakini siyo," alimwambia Mark, Mkenya anayetunza picha pale. "Baraza yetu ilikuwa kulia kwa anayeingia. Hii iko kushoto."

"Pole, dada. Basi ni nyumba ingine."

Faridah aliondoka kwa uchungu. Hatua tatu, huyo, akarudi mbio. Pale pichani, barazani walikaa wazee wanne wakinywa kahawa, na wote wanne walishika vikombe kwa mkono wa kushoto. Hata muuzaji alimpa mmoja wao kikombe kwa kushoto!

"Mark! Wazee wa Pangani wapeane kahawa kwa kushoto? Thubutu! Mmoja, sawa, kazaliwa hivyo. Wote? Mmekigeuza kioo!"

Mark alicheka, kisha akaacha kucheka. Akakitoa kioo chenyewe kwenye sanduku, akakiinua kwenye mwanga.

"Ai! Kweli, tuliskani upande wa nyuma."

Akaigeuza picha kwenye kompyuta. Baraza ikahamia kulia, vikombe vikarudi mkono wa kulia. Faridah akapiga kigelegele, watu wote wakageuka kumtazama, wala hakujali. Mark akafuta maandishi ya zamani, akaandika: "Nyumba ya Mzee Mbwana, Pangani. Imetambuliwa na mjukuu wake, Faridah."

Palepale Faridah akampigia mama simu ya video, akasimama kando ya picha kwenye kompyuta. Mama alisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua. Faridah akaingiwa na hofu.

"Mama, huoni?"

"Naona, mwanangu. Hebu sogea, umeniziba mlango wa baba."