Mama aliyeituma simu

Kabla sijaoa, wazee walinituma kijiji cha Wamaza kumwambia mjomba kwamba dada yake ni mgonjwa sana. Kwetu anayetumwa hurudilia maneno mbele ya kutoka, aliyemtuma ayasikie. Mimi, kwa kiburi, sikurudilia. Njiani nikasahau habari ya ugonjwa, nikafikisha salamu tu, na mjomba alikuja baada ya maziko. Mungu anisamehe.

Juzi hapa Kasongo, kwa muuza unite za simu, mama mmoja mzee alikuwa anarekodi sauti kwa binti yake aliye Salamabila: “Mutoto wako alipata malaria ya nguvu, tukamupeleka hospitali.” Muuzaji akanyoosha kidole aitume. Mama akamshika mkono.

“Ngoja. Irudilie kwanza.”

“Mama, simu haisahau!”

“Wote niliwatuma walirudilia. Hii iko nani?”

Simu ikarudilia. Mama akajiziba mdomo. “Ee Yesu! Sikusema amepona!”

Wakarekodi upya. Nilimshukuru Mungu kwa ngoma za babu zetu zilizopeleka habari, kwa barua, kwa simu, na zaidi kwa mkono wa mama yule. Kweli simu haikusahau; aliyesahau ni mwenye kutuma.

Ndugu msomaji, nakuomba: kabla hujatuma neno, lisikilize kwanza wewe mwenyewe.