Majina Anayoyagawa Mabruki

Mabruki hajui Kihindi. Nalisema wazi kwa sababu mimi, Doto, ndiye mwenye kibanda cha video hapa Isevya, mjini Tabora, na kwa miaka kumi na tisa nimemwona ameshika kipaza sauti, akiwatafsiria watu filamu ambazo yeye mwenyewe haelewi hata neno. Anatazama macho, anatazama midomo, kisha anasema. Watu wanalia, wanacheka, na kesho wanarudi.

Wahindi wake wote wana majina ya Tabora. Ukimuudhi, jambazi wa filamu ya Jumapili anapewa jina lako, na ngumi za stelingi, yule shujaa, zote ni zako. Adinani, fundi cherehani, alimharibia suruali; akatupwa kutoka ghorofa ya nne, akaliwa na mamba. Mpaka leo watu wa mtaa wa Chemchem wanampa pole.

Mwezi uliopita alisoma kwenye simu maneno ya mwigizaji mmoja wa huko India: kwamba sifa ni upepo, na kazi ya mwigizaji ni kusema kweli hata asipopigiwa makofi. Basi, hakulala. Akaniletea filamu ya mzee na mkewe mgonjwa. Hakuna ngumi, hakuna wimbo wa kukimbizana mitini.

"Bwana Doto, hii ina maana," akasema.

"Maana haijazi mabenchi. Watu wakianza kutoka naweka mpira, na kipaza sauti unarudisha moja kwa moja."

 Mabruki hana mtoto, hana shamba. Tangu mkewe Zuwena alipofariki mwaka juzi, kilichobaki ni kipaza sauti hicho. Nilijua, na nikasema vilevile. Nina mdomo mbaya.

Jumapili, nusu saa tu, manung'uniko yakaanza.

"Stelingi anapiga lini?"

Wawili wakasimama. Nikashika rimoti.

Kwenye skrini mzee akainama kitandani kwa mkewe, midomo ikaanza kucheza. Mabruki akasema, "Zuwena."

 Jina hilo alikuwa hajawahi kumpa Mhindi yeyote, hata malkia.

"Zuwena, hospitali waliponipigia simu kwamba unaniita, nilisema acha kwanza filamu iishe. Watu walikuwa wanashangilia, mke wangu. Nikakukuta umeshafunikwa shuka."

Mzee wa kwenye skrini alikuwa ameshafunga mdomo, Mabruki bado anaongea. Wale wawili wakakaa polepole. Mimi nikaitia rimoti mfukoni, aibu imenijaa, kwa sababu siku ile aliyemwambia asubiri filamu iishe ni mimi. Mbele ya watu wote wale hakunitaja.

Jumapili iliyofuata ngumi zikarudi. Jambazi aliitwa Doto. Stelingi alinipiga kuanzia sokoni mpaka mtoni, kibanda kikivuma kwa vifijo, nami nilikaa benchi la mbele nikazipokea zote.