Siku Mama Alipokubali Kuandikwa

Nikishuka Same siku hizi, joto la stendi hunipokea kabla ya mtu yeyote, na jambo la kwanza ninalofanya ni kuangalia juu. Milima ipo palepale, ukungu uko vileleni. Huko juu, ukishapita Vudee, ndiko nilikokulia, katika nyumba ya udongo ambayo mama aliisiriba upya kila Krismasi ilipokaribia. Nina kazi ya mshahara sasa, na nyumba yenye vigae mjini, lakini sijawahi kuona nyumba safi kuliko ile.

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwa makande na kwa kupenda kesi. Makande nayakubali. Hata leo nikiyala hotelini nanung'unika, maana hawajui kuyapika, wanakuletea mahindi magumu kama kokoto na wanadai pesa. Ya mama yalikaa jikoni tangu mchana, na harufu yake ilitukuta njiani tukitoka shule tukaanza kukimbia. Kesi mama hakuwa nazo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakutaka kuonekana maskini. Baba alifariki nikiwa mdogo, akatuachia kishamba cha migomba na ng'ombe mmoja, mimi na wadogo zangu tukiwa bado wa kulishwa. Tukienda kwa watu tukaulizwa kama tumekula, jibu lilikuwa moja: tumeshiba, ahsante. Nimewahi kulitoa jibu hilo huku tumbo likinguruma mpaka mwenye nyumba akacheka.

Jumapili ya mavuno ndiyo iliyokuwa siku yake. Alibeba kichwani mkungu mkubwa kuliko yote shambani, akautua mbele ya madhabahu. Baada ya ibada, mnada ulipoanza nje ya kanisa, alipandisha bei ya kuku wa mtu mwingine kwa sauti ya kusikika, nami najua nyumbani hata sukari hatuna. Nilikuwa naona aibu na fahari kwa pamoja. Nikikumbuka sasa, fahari tu ndiyo iliyobaki.

Kuna mwaka, kwenye mkutano wa kijiji, yalisomwa majina ya kaya maskini zitakazopata msaada wa serikali. Letu likawamo. Mama akasimama, akatengeneza khanga yake, akasema, "Mwenyekiti, la kwangu litoe. Mimi ninalima." Watu wakampigia makofi. Tulirudi nyumbani tukitembea kifua mbele, na jioni tukala tulichokuwa nacho.

Kisha nikafaulu kidato cha sita, na chuo kikanikubali. Kwa mtoto wa kwetu, chuo bila mkopo wa serikali kilikuwa ndoto ya mchana. Niliteremka Same kwenda kuomba mkopo huo kwenye steshenari moja karibu na stendi. Kijana wa kompyuta, aliyekuwa amewajazia wenzangu wengi, alisoma maelezo yangu akatikisa kichwa.

"Dada, hapa umejieleza kama mtoto wa waziri," alisema. "Wanaoangaliwa kwanza ni wale wa familia zisizojiweza. Nenda kachukue barua kwa mtendaji wa kijiji, aeleze hali halisi ya nyumbani. Bila hiyo utakula za uso."

Nilipanda mlima nikitafuta namna ya kumwambia mama, na sikuipata. Mwishowe nilimwambia hivyohivyo, akiwa anakata majani ya ng'ombe. Aliendelea kukata. Asubuhi alijipaka mafuta, akavaa kitenge chake cha kanisani na viatu vyake vya kanisani, tukaenda ofisi ya kijiji. Nilitamani kumwambia abadilishe nguo. Lakini nani angethubutu?

Mtendaji alikuwa kijana wa Lembeni, mtu wa tambarare, mwenye adabu zake. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamuuliza hali ya kipato. Mama akaanza. Tuna shamba. Tuna ng'ombe wa maziwa. Tuna migomba na kahawa kidogo. Tuna zamu yetu ya maji ya ndiva, na bwawa hilo tangu lichimbwe na mababu halijatutupa. Alivitaja vyote kana kwamba tumekuja kuposa. Nikaona chuo kinaniponyoka.

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Samahani, mama. Nikiyaandika haya, mtoto hapati."

Mama aliitazama kalamu ile. Kisha, bila kunitazama, akaniambia, "Hebu toka nje kidogo."

Nilitoka nikasimama ukutani. Dirisha la ofisi ile halikuwa na kioo. Nilimsikia mtendaji akiandika, halafu akimsomea taratibu, sentensi moja baada ya nyingine, na mama akiitikia. Ni mjane. Ndiyo. Hana kipato cha uhakika. Ndiyo. Anaishi katika nyumba ya udongo. Ndiyo, alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Hana ndugu wa kumsaidia."

Hapo pakawa kimya, na mimi nilijua sababu. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyetulimia miaka yote ile. Ndiye aliyebeba sanduku langu begani siku nilipoanza bweni, na viatu vyote nilivyovaa shuleni vilitoka mkononi mwake.

"Hilo futa," mama alisema. "Shemeji yangu yupo."

"Ana watoto wake, mama. Ada ya chuo ataiweza?"

"Hataiweza."

"Basi ndicho nilichoandika."

"Hukuandika hawezi. Umeandika hayupo."

"Wanaosoma huko hawatujui," mtendaji alisema kwa upole. "Wakiona kuna ndugu, watasema msaada upo."

Nilisimama pale nikiomba akatae, na nikiomba akubali. Kisha nikasikia, "Ndiyo. Andika." Muhuri ukapigwa.

Mkopo niliupata, na vyote nilivyo navyo leo vilianzia kwenye barua ile. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kurudi nyumbani, maana njia yetu ilipita mlangoni kwa baba mdogo na hapakuwa na nyingine. Tulimkuta uani. Alipotuona tumevaa vile aliuliza, "Shemeji, vipi, mmefanikiwa?" Mama akajibu kwamba tumefanikiwa. Baba mdogo alifurahi mpaka akasahau kutukaribisha. Aliingia ndani, akatoka na koti lake la sufu, lile alilovaa asubuhi za baridi akienda kutulimia, tena hakuwa na lingine. Akamkabidhi mama, akasema mtoto aende nalo chuoni. Chuo chenyewe kilikuwa Dar es Salaam, kwenye joto la kuoka mkate, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema ahsante, machozi yakamtangulia. Baba mdogo alidhani ni furaha.

"Usilie, shemeji," alimwambia. "Sasa ndugu ni wa kazi gani?"

Mama akajifunika uso kwa lile koti.