Fundi Aliyeamka Bila Kufumbua Macho

Wenzake walimwita Mama Kaputi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulaza wagonjwa nusu kaputi na kuwaamsha. Alirudi kazini siku chache tu baada ya kumzika mumewe. Walipomwambia apumzike kwanza, alisema nyumbani watu hawaishi kumuuliza kama amekula.

Asubuhi hiyo aliletewa fundi cherehani mwenye ngiri. Mkewe fundi alimzuia Mama Kaputi mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Dada, huyu ana ugonjwa wa usingizi. Husinzia mguu ukiwa bado kwenye cherehani. Akicheka sana magoti yanalegea, anaanguka puu, na yu macho! Sasa utajuaje kama amelala kweli?"

"Kuna mashine," alisema.

Alimbandika fundi nyaya kwenye paji la uso. Mashine ilitoa namba: karibu na mia, ubongo uko macho; chini ya sitini, umezama usingizini. Alimpa dawa, namba ikashuka, daktari akapasua. Muda wote alitazama namba. Hakuwaza kitu.

Upasuaji ulipokwisha alifunga dawa. Namba ikapanda hadi tisini na kitu. Fundi akabaki kimya, kama gogo.

"Mbona haamki?" daktari aliuliza akivua glavu. "Umemzidishia?"

Mama Kaputi alimpima misuli; dawa ya kuilegeza ilikuwa imeisha mwilini. Pumzi alikuwa akivuta mwenyewe. Ndipo alipokumbuka yale magoti yanayolegea mtu yu macho.

"Yu macho," alisema. "Mwili ndio umegoma."

Akamwinamia. "Fundi, najua unanisikia. Umeshapasuliwa, umeshashonwa. Mwili utarudi, subiri tu. Niko hapa."

Chozi likamtoka fundi, likateremka hadi sikioni. Alilifuta kwa pamba. Punde kidole kikacheza, kisha macho yakafumbuka.

Wodini fundi alimtania. "Ulivyoongea, dada, utadhani unasoma bei za vitambaa. Lakini niliing'ang'ania sauti yako. Bila hiyo ningepata wazimu."

Mkewe akamgeukia Mama Kaputi, akamkumbatia kwa nguvu. Yeye aliacha mikono ining'inie, akangoja aachiwe.

Jioni, nyumbani, alimkuta shemeji yake sebuleni, amekuja kuchukua nguo za marehemu. Mama Kaputi akamtolea kabatini moja moja. Shemeji alinusa kola ya shati la buluu, akaangua kilio.

"Unawezaje, shemeji?"

"Siwezi. Ni mikono tu inayofanya," alisema, huku akimshikia mfuko wazi.