Tonge la Pembeni

Leo, hapa Matogoro, shangazi yangu ameniita tapeli. Someni kwanza kabla hamjamlaumu.

Baba aliondoka Songea akiwa kijana, akavuka bahari kwa meli kubwa ya abiria. Hakurudi. Mimi nimekuja uzeeni, kwa meli vilevile, nione maji aliyoyaona.

"Shikamoo, shangazi. Mimi mtoto wa kaka yako, nimefika kwa meli."

Akairuka salamu, akanipima kwa macho.

"Wenye hela wanapanda ndege," akasema. "Wewe umefuata shamba la kaka yangu."

Nikampa picha ya baba. Hakuigusa.

"Picha hata matapeli wanazo."

Ugali ukaletwa hata hivyo. Nikanawa, nikamega tonge la kwanza, nikaliweka pembeni ya sahani. Baba alifanya hivyo kila mlo, bila kutuambia sababu. Nami nimezoea. (Hata melini nilitenga kipande cha mkate, mhudumu akakizoa.)

Shangazi akaacha kutafuna.

"Hilo la nani?"

"Sijui. Baba ndivyo alivyokula."

Akanikazia macho.

"Nilikuwa nachelewa kurudi kutoka kisimani," akasema. "Kaka alikuwa ananiwekea."

Akalichukua tonge, akalila lote. Ndipo akaijibu salamu yangu.

"Marahaba. Ila shamba sikupi."