Ulimi wa Tawakali

Tawakali, fundi wa maabara katika sekondari moja ya Kilwa Masoko, alikuwa na kipaji kimoja: ulimi. Mwekee chupa mbili za maji matamu, moja ya glukosi na moja ya sukari ya chai; atachovya kidole, arambe, atamke. Hakuwahi kukosea, maana hakuna aliyewahi kuhakiki. Wanafunzi walipochemsha dawa ya buluu ya Benedikti kusubiri igeuke nyekundu kwa glukosi, aliwaonea huruma, kama watu wanaozunguka mpaka njia panda ya Nangurukuru kwenda msikiti wa jirani.

Mwaka huu mtihani wa majaribio uliangukia Ramadhani. Asubuhi ya mtihani akakuta vibandiko vya chupa tatu, ya wanga, ya glukosi na ya sukari ya chai, vimebanduka. Ya wanga ilijulikana, ina ukungu kama maji ya mchele. Mbili zilizobaki zilikuwa mapacha. Nje kidato cha nne walishapanga foleni. Akizipachika majina kinyume, darasa zima litaandika ukweli na kuambulia sifuri.

"Mwalimu Salome, wewe hufungi. Hebu onja hapa," alimwambia msimamizi wa mtihani.

"Nani kakwambia? Hii ni Kwaresima, Bwana Tawakali. Au mlidhani mfungo ni wenu peke yenu?"

"Sasa nifanyeje?"

"Pima. Si maabara hii?"

Akapima, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Chupa ya kwanza: buluu. Ya pili akaichemsha mpaka jasho likamtoka. Buluu.

"Zote sukari ya chai," alisema Salome. "Glukosi ulinunua wapi?"

Tawakali akakumbuka. Aliinunua sokoni siku chache kabla ya mfungo, ya kupimiwa, baada ya kuramba na kuridhika.

"Kwa mtu mwaminifu," akajibu.

Foleni ikaanza kugonga mlango. Tawakali akaingiza mkono mfukoni, akatoa tende zilizofungwa kwenye karatasi. Akaziponda, akazichemsha, akachuja maji yake.

"Hizo si futari yako?"

"Ilikuwa."

Akachota kidogo, akatia dawa ya buluu, akarudisha motoni. Ikawa kijani, ikawa njano, kisha nyekundu ya tofali lililoiva. Maji ya tende yaliyobaki akayamimina kwenye chupa ya glukosi, na Salome akafungua mlango. Siku hiyo kidato cha nne waliandika ukweli, wakapewa alama zake.

Jioni adhana ya magharibi ilimkuta bado akiosha vioo. Alifuturu kwa maji matupu ya bomba. Funda la kwanza alilizungusha mdomoni muda mrefu, kwa mazoea. Mara hii hakutamka kitu.