Nywila ya Mkuu

Mwalimu Shimba alipopata kiharusi, maneno hayakumwisha. Yalihama tu mahali pake. Akitaka chai anasema kivuko. Akitaka shati anasema Jumapili. Mkewe, Modesta, alijifunza kumpelekea chai mtu anayeomba kivuko, lakini moyoni hakuzoea. Huyu ndiye aliyeongoza shule ya msingi kule Sengerema, akivuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo kila mwisho wa juma kurudi nyumbani kwake Buswelu, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mkuu.

Hospitalini, dada anayefundisha wagonjwa kuongea upya alimpa Modesta flashi. Ndani yake mlikuwa na programu ya picha na sauti.

"Iwekeni kwenye kompyuta ya nyumbani, mama. Afanye kidogo kidogo kila siku."

Kompyuta ilikuwepo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Shimba aliinunua alipostaafu. Modesta alizoea kuitumia kuandika ratiba ya kwaya na kutazama picha za wajukuu, kwa hiyo kuiwasha hakukumshinda. Alichomeka flashi, akabonyeza kama alivyoelekezwa. Skrini ikafifia, kikajitokeza kisanduku cha Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, ila akisoma neno moja moja alielewa: hana ruhusa ya kuweka programu. Ruhusa anayo msimamizi. Chini yake liliandikwa jina la msimamizi huyo, Mkuu, na nafasi tupu ya kuandika nywila.

Mkuu si huyu hapa, amekaa kwenye kochi na shuka magotini?

"Baba Kija, neno la siri la kompyuta ni lipi?"

Shimba alimtazama, akainua mkono wa kushoto, ule uliobakiwa na nguvu, akamnyooshea kidole. "Wewe."

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

"Wewe. Wewe..." Neno lililofuata halikuja. Akafumba macho kwa hasira.

Modesta akaanza kubahatisha. Aliandika jina la Kija, kifungua mimba wao. Aliandika jina la shule, mwaka wa ndoa yao, kijiji alikozaliwa mumewe. Aliandika hata kivuko, maana nani ajuaye. Mashine ikakataa yote. Kila alipogeuka, kile kidole kilikuwa kinamngoja, na kesho yake ikawa vilevile. Akaanza kukisoma vibaya. Asubuhi ile mumewe alipougua, yeye alidhani ni uchovu; alimpa uji, akamwambia ajilaze kidogo. Au ndiyo anayoambiwa sasa? Wewe ulinichelewesha? Alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria bila kukumbuka alichofuata.

Mwishowe akampigia simu Revocatus, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii kompyuta inaninyima ruhusa ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. "Humo kuna akaunti mbili," akasema. "Hiyo mnayoitumia kila siku ni ya mtumiaji wa kawaida, haina mamlaka ya kuongeza programu. Mwenye mamlaka ni Mkuu. Naweza kuja kuifungua kwa nguvu, lakini jaribu kwanza hivi. Toka kwenye hiyo akaunti, usizime mashine. Bonyeza jina la Mkuu, andika neno lolote. Ukikosea inaweza kukupa kidokezo, kile alichokiacha aliyeweka nywila."

"Basi amekiacha mwalimu."

"Sijui, mama. Wewe tazama."

Akafanya hivyo. Maneno yakatokea: NG'OMBE MWEUPE WA MAMA.

Modesta aliyasoma tena na tena. Mama yake Shimba alianika dagaa maisha yake yote. Hakuwahi kufuga hata mbuzi. "Ng'ombe gani huyu?" akamwuliza mumewe. Shimba akatikisa kichwa. Kidole kikanyooka tena kwake, taratibu, bila hasira.

Ndipo kitu kikamjia, polepole, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Mama yake yeye, kule Misungwi, alikuwa na ng'ombe mweupe. Aliitwa Malunde, yaani mawingu kwa Kisukuma. Na siku kompyuta ilipotolewa kwenye boksi, Shimba aliinuka kitini, akamwambia, "Kaa wewe. Andika neno usiloweza kulisahau, ambalo mimi silijui." Kisha akageukia dirishani asione. Yeye aliandika neno hilo na kidokezo chake huku akicheka, akadhani ni utaratibu wa kompyuta mpya tu. Kabla ya kuizima, mumewe alifungua akaunti ya pili isiyouliza chochote, wakawa wanatumia hiyo wote wawili.

Akaandika malunde. Ikakataa. Akaanza na herufi kubwa. Ikakataa. Halafu akakumbuka kwamba siku zile hakujua kushusha herufi; kila kitu alikiandika kwa herufi kubwa tupu. MALUNDE. Ikafunguka.

Alibaki ameketi. Kwa hiyo Mkuu wa mashine hii, muda wote huo, alikuwa yeye.

"Baba Kija, kwa nini uliniweka mimi?"

Shimba akafungua mdomo, akatafuta. "Sukari," akasema. Akatikisa kichwa. "Hapana. Barabara." Akamtazama kama mtu aliyeeleza vizuri akakosa msikilizaji. Modesta hakujua kama mumewe alihisi ugonjwa unakuja, au alitaka tu kumpa mkewe cheo, au ulikuwa utani. Aliyelijua jibu alikuwa mbele yake, na asingeweza kulitoa.

Akaianzisha tena programu ya kwenye flashi; ilipomaliza kujipakia, ikaleta picha ya ndizi, na sauti ya mwanamke ikasema, "Ndizi."

"Ndi," akasema Shimba. Akasita, akamgeukia mkewe kuuliza kwa macho.

Modesta hakujua kama nusu ya neno inahesabiwa. "Tuendelee," akasema, akambonyezea picha nyingine.